Mwalimu wa Juu ya Cherehani Yangu

Sikumpenda, na nasema mapema asije mtu akadhani haya ni maombolezo. Kwanza, yu hai. Pili, mimi ni fundi wa sare za shule, na fundi huwajua watu kwa mabega na viuno vyao. Yule mwalimu nilimpima kwa jicho siku ya kwanza aliposhuka ngazi: mrefu, suruali imekatwa juu ya kifundo cha mguu, soksi nyeusi ndani ya ndara za ngozi, na shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na joto lile la Mombasa! Nikasema moyoni, huyu mtu wa bara hamalizi mwezi hapa. Basi alimaliza miezi, akamaliza miaka, na kile kifungo hakukifungua.

Duka langu wakati huo lilikuwa Bondeni, chumba cha chini kinachotazama njia. Chumba chake kilikuwa juu ya changu, na kati yetu mbao tu, mbao za zamani zisizozuia kitu. Adhana ya Alasiri ikimalizika, ngazi zilianza kulia viatu vya shule, mabenchi yakaburutwa, vumbi likanishukia kwenye kitambaa cheupe, na mimi nikawa sina budi kusoma. Nimefunzwa habari za asidi na chumvi bila kuomba. Mpaka leo nikikata kola naweza kukueleza kwa nini chuma hushika kutu, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kutaka kujua.

Watoto walimwita Mwalimu wa Juu. Jina analo, na kanisani kwake walilitumia, lakini Bondeni hakuna aliyelihitaji. Alikuwa akifundisha shule ya sekondari asubuhi, na jioni mpaka karibu na Magharibi alikuwa na hawa wa tuisheni, watoto wa kidato cha tatu na cha nne ambao wazazi wao walikuwa wameanza kuingiwa na wasiwasi.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "funga". Mtoto anasoma, ametulia, kidole kiko chini ya mstari, mwenyewe anajiona mwanachuoni. Mwalimu anakuja nyuma yake. "Funga hiyo kitabu. Sasa niambie." Kimya. Nilikijua kimya hicho, nilikuwa nikikisikia kikinishukia kichwani pamoja na vumbi. Mtoto ataanza, "Mwalimu, nilikuwa najua sasa hivi." Naye atamjibu, "Ulikuwa unaona. Jicho ni mwongo sana. Linaona kitu mara mbili, linakuambia ni yako."

Watoto wetu walikuwa wakimcheka Kiswahili chake, hicho kitabu kuwa hiyo kitabu. Hakukasirika. Siku moja nilimsikia akiwaambia, "Ninyi mna Kiswahili safi na alama chafu. Mimi nina Kiswahili chafu. Tutabadilishana." Mimi mwenyewe nilicheka, nikajichoma sindano.

Palikuwa na msichana mmoja, mtoto wa muuza vitambaa, aliyekuja na kalamu za rangi mkoba mzima. Kila ukurasa wa biolojia aliupaka njano, kijani na waridi, ukawa kama kanga ya harusi. Mwalimu alikichukua kile kitabu, akakitazama kwa heshima kabisa, akamwambia, "Kazi nzuri. Sasa nitakiweka kabatini kwangu mpaka wiki ijayo. Wewe nenda ukaniandikie kilichokuwa chini ya rangi." Msichana alishuka ngazi akilia, akaingia dukani kwangu kujifuta machozi kwa vipande vyangu vya pamba. Nikamwambia aende kwa mwalimu mwingine, wako tele. Akanitazama kama niliyemtukana. "Hapana, Dada. Huyu ananiudhi, lakini nikitoka kwake nakuwa na kitu." Wiki ya pili alirudi na kurasa zake, na kalamu ya buluu peke yake.

Hakuogopa kusahau, na hilo liliwashangaza wazazi. Angefundisha somo leo, aliache, aliache tena, mpaka aone wameshalisahau vizuri, ndipo aliulize ghafla. Baba mmoja alipanda kumlalamikia. Mwalimu akamwambia, "Mzee, kusahau ni nusu ya kazi. Kitu ukikitafuta mara ya pili ndiyo unakijua mahali pake." Yule baba alishuka akitikisa kichwa, akaniuliza mimi kama mtu huyu ni mzima. Nikamwambia mimi nashona tu.

Na usingizi! Mtoto akija na macho mekundu, anajisifu amekesha akisoma, alimrudisha kwao akalale. Hakuwa na mzaha katika hilo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajui kulala. Asubuhi alishuka na macho kama ya mlinzi, chupa ya chai ya maziwa kwapani, na ukimuuliza anasema alikuwa akisahihisha. Mambo yake mengi yalikuwa hivyo. Alisema nazi inamsumbua tumbo, ndiyo maana hali wali wetu, kisha ikifika Idd huketi chumbani akisubiri sahani za biriani, na sahani zikipungua kuliko za mwaka uliopita alinishukia kulalamika. "Fundi, mwaka huu watu wamepoteza upendo." Kwa wenzake wa kanisani alisema hawezi chakula cha watu wa pwani, na kila jioni alikuwa wa kwanza kwa mama wa viazi karai, akimwambia, "Ongeza ukwaju, ongeza, usiogope."

Kuhusu mtihani alikuwa na msemo mmoja, niliusikia mpaka nikauchoka. "Mtihani ni karani wa dirishani. Hakujui, hakupendi, hakuchukii. Akikuuliza kitambulisho, usimpe hadithi ya baba yako." Mtoto akiandika jibu refu ambalo halikuulizwa, Mwalimu alikuwa akimchorea dirisha dogo pembeni ya karatasi, basi, hakuandika neno.

Msimu wa mtihani, akina mama wetu walikuwa wakipeleka watoto kwa mashekhe, wanaandikiwa kombe, yaani aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, linaoshwa kwa maji ya waridi, mtoto anakunywa. Mama mmoja alipanda na chupa yake moja kwa moja mpaka kwa Mwalimu, akataka mwanawe anywe mbele yake, mwalimu atie baraka. Nilisimamisha cherehani nisikie. Nilidhani huyu Mkristo wa bara leo ataharibu. Akasema, "Anywe, mama. Anywe yote. Akimaliza aniambie kazi za ini." Yule mtoto alikunywa, akazitaja zote, na mama akashuka akimsifu shekhe. Mwalimu naye asubuhi za mtihani alivaa tai moja ya kijani iliyochakaa, kila mwaka ileile. Nilipomuuliza, akasema ni bahati tu kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Lo! Kila mwaka?

Sasa nije kwa mdogo wangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusema juu ya mtu huyu.

Twahir alimaliza kuhifadhi Kurani akiwa bado mdogo, na sauti yake madrasani watu walikuwa wakisimama njiani kuisikiliza. Ile shule nyingine, ya vitabu na mitihani, ilimpiga chenga. Alitaka kusomea dawa, avae koti jeupe, asimame nyuma ya kaunta ya hospitali. Chuo alichokitaka kilidai kemia C plasi. Na mjomba wetu wa Maskati alikwisha sema neno lake kwa simu, Mama akalikubali: akipata, asome, asipopata, tikiti itakuja, aende akakae dukani kwa mjomba. Twahir hakutaka Maskati. Alimwambia Mama waziwazi, akaniambia mimi akilia, na Mama akasema, "Basi soma, mwanangu, nani kakuzuia?" Nikampandisha ngazi kwa mkono wangu.

Katika mtihani wa mwigo, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, alifanya jambo ambalo Mwalimu alikuwa hajapata kuliona. Swali la kwanza liliuliza kitu kidogo katikati ya sura ya metali. Twahir akaanza sura mwanzo. Akaiandika yote, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, ukurasa baada ya ukurasa, akitarajia kulifikia lile jibu kwa njia yake. Alipolifikia, kengele ikalia. Maswali mengine hakuyagusa.

Mwalimu alishuka na zile karatasi, akaketi kwenye kiti changu cha wateja, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Fundi, huyu ameanza wapi kusoma?"

"Madrasani."

"Hawezi kuingia katikati?"

Nikamwambia aende akamuulize maalim wake, mimi nashona. Nilisema kwa kejeli. Yeye akaenda.

Habari nilizipata kwa maalim mwenyewe baadaye, maana alinisimulia akicheka. Alasiri moja aliona mtu wa soksi nyeusi amesimama mlangoni pa madrasa, viatu mkononi, anaomba ruhusa ya kutazama. Maalim akampa jamvi. Mwalimu akakaa akaona wanavyopimwa wale wanaohifadhi: maalim anatupa kipande cha aya kutoka popote, mwanafunzi anakidaka na kuendelea. Hapa, pale, mbele, nyuma. Hakuna aliyerudi mwanzo.

"Kumbe wanaweza kuingia katikati," Mwalimu akasema.

"Yakhe, mbona wanaweza!" maalim akamjibu. "Mimi nawaanzisha popote. Wewe ndiye uwaanzishaye mwanzo."

Maalim alikipenda kisa hicho sana. Alisema hajapata kumwona mtu mzima akifurahi hivyo kwa kukosolewa.

Tangu siku hiyo mbao zangu zikabadilika sauti. Mwalimu alikuwa akizunguka chumba, akitupa nusu ya sentensi. "Zinki ikitiwa katika asidi..." Na Twahir, upesi, kwa ile sauti yake: jibu lote, na lifuatalo, na sababu yake. "Mafuta na sabuni hukutana..." Twahir. "Rangi ya moto wa kalisi..." Twahir. Watoto wengine walikuwa wakipiga meza. Wapita njia walisimama dukani kwangu wakatazama juu. Mama alikuja siku moja, akaketi kati ya vitambaa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu kapita." Na mimi nilifurahi, sifichi. Nilimshonea shati jipya la mtihani, kola ngumu.

Siku ya karatasi ya kemia alirudi mchana, uso mweupe. Nilikuwa mlangoni, na Mwalimu na ile tai yake alikuwa akishuka ngazi. Twahir akatueleza sisi wawili palepale.

Alilifungua swali, akaanza kulisema. Alikuwa hajui njia nyingine. Jibu lilimjia mdomoni kabla ya kumjia mkononi. Alikuwa akisema polepole, chini kwa chini, midomo tu. Msimamizi akamjia. "Wewe kijana, majibu unampa nani?" Akasema hampi mtu. Akahamishwa mbele, akaelekezwa ukutani, akaambiwa midomo ikitikisika tena karatasi itafutwa.

"Nikafunga mdomo, Dada," akaniambia, "na vyote vikaondoka."

Nilimtazama Mwalimu nipate neno. Neno lolote, la pole, la hasira, hata la uongo. Alisimama kwenye ngazi ya tatu, mkono ukutani. "Ahaa," akasema. Akageuka akapanda.

Hiyo "ahaa" niliishi nayo. Matokeo yalipotoka, masomo mengine yalikuwa ya kumfurahisha mtu na kemia ilikuwa D. Mama akasema, "Liandikwalo ndilo liwalo," akaingia chumbani, akafunga mlango. Tikiti ikaja. Majirani walikuja kumuaga Twahir, maalim alikuja, muuza viazi alituma viazi. Yule wa juu hakuja. Kwenye uwanja wa ndege alivaa lile shati nililomshonea, na hakunitazama usoni alipoingia ndani. Mwaka uliofuata nilihamisha cherehani zangu nikaenda Mji wa Kale, Kibokoni. Niliwaambia watu nawafuata wateja. Ukweli ni kwamba sikutaka tena kuzisikia mbao zile, na yule mwalimu nilikuwa nikimchukia kwa moyo wangu wote.

Chuki ya mtu aliye mbali haina kazi, inakaa tu kama sindano kwenye mto. Nilikutana naye mara moja kivukoni, Feri, katika umati wa watu wanaoshuka, akanisalimia, "Fundi, habari ya siku nyingi," nami nikajifanya nauliza bei ya korosho.

Miaka ikapita, binti yangu Salma akafika kidato cha tatu. Jioni moja nilikuwa najifunga kanga nikamsikia darini akisoma biolojia, anatembea huku na huku, kwa sauti, kama mjomba wake. Hakuna aliyemfunza, Twahir aliondoka yeye akiwa hajui kusoma. Nilisimama chini ya ngazi nikamsikiliza mpaka mwisho. Shule yake walikwisha kumlalamikia kwa barua kuwa hawezi kufanya jaribio kimya. Nilikwenda kwa walimu wawili wa Mji wa Kale. Wote wakaniambia ni mazoea, atayaacha. Siku ya pili nikamshika mkono, tukaenda Bondeni kwa miguu. Sikwenda kwa mapenzi. Nilitaka kumwambia yule mtu usoni: huyu hutamharibu, niambie nifanye nini.

Duka langu la zamani sasa wanauza vifuniko vya simu. Alasiri ilikuwa imekwisha adhiniwa. Nilipanda ngazi, na juu hapakuwa na sauti. Hata kikohozi. Nikadhani amehama, au watoto wamemkimbia, na nitasema uongo nikisema sikufurahi kidogo.

Nikasukuma mlango. Chumba kilikuwa kimejaa. Wasichana, wavulana, mabenchi yaleyale, kila mmoja na karatasi mbele yake na gilasi kando yake. Wote wanaandika. Na wote, Mungu wangu, mashavu yamefura kama watu walioumwa na nyuki. Mvulana wa karibu aliniona ninavyowatazama, macho yakamtoka, akapasuka kicheko, na maji yakamwagika meza nzima, na karatasi yake, na mgongo wa mwenzake.

"Jaza tena," ikasema sauti kutoka nyuma. "Anza swali upya."

Alikuwa amezeeka. Shati limefungwa mpaka juu. Aliniona, akamwona Salma, hakushangaa. "Fundi. Karibu. Iko nafasi pale dirishani."

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanaandika."

"Na maji ya nini?"

"Ili wasiseme." Alikuwa akipangusa meza kwa kitambaa. "Kwanza wanasema, kwa sauti, kama zamani. Nusu saa. Kisha wanajaza maji, wanaandika yaleyale. Mwanzo hawapati kitu. Halafu inashuka kwa mkono."

"Na Ramadhani?"

"Mswaki. Wanashika kwa meno."

Ningeweza kucheka. Nilikuwa karibu. Lakini yeye alikuwa ameacha kupangusa.

"Yule ndugu yako," akasema. "Mimi nilimfundisha kujibu mtu. Huko ndani ya mtihani hakuna mtu."

Nikamuuliza tangu lini anafanya hivi, na nilijua kabla hajasema.

"Wiki ileile. Kwa wale wenzake waliokuwa wamebakiza karatasi zingine."

"Mbona hukuja kwetu? Hata kumuaga?"

"Ningekuja kusema nini, Fundi? Kwamba sasa najua?" Akanitazama. "Ningemwambia najua, na yeye anapanda ndege."

Watoto walikuwa wakiandika, au wakijifanya wanaandika. Akaniuliza Twahir yuko wapi, nikamwambia yuko Maskati bado, anauza manukato, ana mke na watoto, anapiga simu Ijumaa. Akaniuliza kama anarudi. Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hesabu yake haitamtoka sawa. Ile hasira niliyopanda nayo ngazi niliitafuta, wallahi, niitumie. Nilichokipata ni huzuni, na ilikuwa ya watu wawili.

"Huyu husoma kwa sauti," nikamwambia, nikamsukuma Salma mbele kidogo. "Hawezi vingine."

"Atasema kwanza," akasema. "Hiyo hatumnyang'anyi."

Alimsimamisha dirishani, akamtupia nusu ya sentensi juu ya moyo na mishipa, na Salma akaidaka, akaendelea, sauti ikajaza chumba, na wale wa mashavu yaliyofura wakageuka wote kumtazama. Alipomaliza, Mwalimu akamwekea karatasi. Gilasi nilimjazia mimi.

Salma alijaza maji mdomoni, akainama. Kwa muda mrefu hakuandika kitu. Aliinua macho akanitafuta, akayashusha tena. Kisha kalamu ikaanza, neno moja, jingine, polepole, na mimi nilisimama palepale mlangoni nikiitazama midomo yake, na haikutikisika.